Fyuzi Hupimwa kwa Waya

"Fundi, hii ya 3 inakatika kila siku. Niwekee ya 13."

Keti kutwa moja katika duka la vifaa vya stima mjini Garsen na utalisikia ombi hili, pengine zaidi ya mara moja. Mwenye kulitoa si mjinga. Ana friji ya kuuzia maji baridi, ana feni, ana wateja wanaongoja simu zao zijae chaji, na kila fyuzi inapokatika biashara inalala. Lakini ombi lenyewe lina hatari. Ni sawa na mtu anayesumbuliwa na mbwa anayebweka usiku, akaona dawa ni kumfunga mbwa mdomo bila kutoka nje kutazama nani yuko uani.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye nyumba, mwenye kinyozi, mwenye kioski au mwenye sola kijijini. Ukimaliza kuusoma utaweza kuchagua fyuzi ya plagi mwenyewe, kumuuliza fundi maswali yanayostahili, na kujua mahali pa kusimama ili mwenye leseni aendelee.

Fyuzi inalinda nini hasa

Maji ya Mto Tana yanayopita chini ya daraja la Garsen yamekwisha kuzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere huko juu. Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kwenda Lamu ina kituo chake hapa Garsen. Kwa hiyo nyuma ya soketi yako ndogo ya ukutani kuna nguvu ya gridi ya nchi nzima, na nguvu hiyo haijui kama waya wako ni mnene au mwembamba. Itapita kwa wingi wowote itakaoitwa.

Mkulima wa Hola au Bura anaelewa jambo hili kwa mfereji. Mfereji mdogo wa shamba una mlango wake. Mlango ukiachwa wazi maji ya mfereji mkuu yote yaingie, kingo zinabomoka. Fyuzi ndiyo mlango huo. Ndani yake mna uzi wa madini uliopimwa uyeyuke kabla waya haujaanza kuungua. Ukiyeyuka, njia imekatika na stima imesimama.

Basi kumbuka neno moja kabla ya mengine yote: fyuzi hulinda waya. Haikuwekwa ili televisheni yako isiharibike, wala haimlindi mtu asirushwe na stima. Mkondo wa milliampea 30 tu, yaani sehemu 30 katika kila 1,000 za ampea moja, tayari ni hatari kwa moyo wa mtu. Fyuzi ya ampea 13 inaruhusu zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho bila kushtuka. Anayemlinda mtu ni waya wa arthi uliofungwa vizuri pamoja na kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, kinachokata stima inapovuja. Kama nyumba yako haina RCD ya milliampea 30, huo ndio ununuzi wa kwanza wa kumuuliza fundi.

Waya ukizidiwa hupata joto, na joto hilo haliongezeki hatua kwa hatua pamoja na mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne; ukiwa mara tatu, joto linakuwa mara tisa. Plastiki ya waya hulainika, laivu na nyutro zikagusana, cheche ikaruka. Katika nyumba ya mawe huenda ukabaki na doa jeusi ukutani. Katika nyumba ya makuti au ya nyasi, zilizo nyingi katika vijiji vya Tana Delta, hutakuwa na muda wa kutafuta ndoo.

Kanuni ya ngazi tatu

Panga vitu vitatu kwa ukubwa: mzigo, fyuzi, waya.

Mzigo uwe chini ya fyuzi. Fyuzi iwe chini ya waya, au isiuzidi. Mpangilio huu ukivurugika, kuna kitu kitakachoungua, na ni afadhali kiwe fyuzi ya shilingi chache.

Sasa tupige hesabu. Hatua ni nne.

1. Soma kibandiko. Kila kifaa kina kibandiko chini au nyuma, kinachotaja wati (W) na volti (V). Kenya tunatumia volti 240.

2. Gawa. Wati gawa kwa volti, unapata ampea. Pasi ya wati 1,000: 1,000 gawa kwa 240 ni ampea 4.2. Huo ndio mzigo.

3. Panda hadi fyuzi iliyo juu yake. Fyuzi za plagi zetu za miguu mitatu zinauzwa za ampea 3, 5 na 13. Ya 3 huwa nyekundu, ya 5 nyeusi, ya 13 kahawia. Kwa volti 240, ya 3 inatosha kifaa cha hadi wati 720, ya 5 hadi wati 1,200, na ya 13 hadi wati 3,120.

4. Pima kwa waya. Hapa ndipo wengi huruka. Tazama maandishi yaliyochapwa kwenye ngozi ya waya wa kifaa. Utaona namba kama 3 × 0.75, maana yake nyaya tatu ndani, kila mmoja una unene wa milimita mraba 0.75. Waya wa kifaa hubeba hivi:

- 0.5: ampea 3
- 0.75: ampea 6
- 1.0: ampea 10
- 1.25: ampea 13
- 1.5: ampea 16

Namba ya fyuzi isizidi namba ya waya. Ukikuta fyuzi ya 13 katika plagi ya feni yenye waya wa 0.5, umekuta mlango mpana uliofunguliwa kwenye mfereji mwembamba. Feni itazunguka vizuri, na kila kitu kitaonekana salama, mpaka siku waya utakapobanwa na mguu wa kitanda ukapiga shoti.

Hii hapa mifano ya vitu vya kila siku:

- Feni ya wati 60: ampea 0.25. Fyuzi ya 3.
- Televisheni ya wati 100: ampea 0.4. Fyuzi ya 3.
- Chaja 20 za simu, kila moja wati 10: jumla ampea 0.8. Simu zote hizo hazifikii robo ya pasi moja.
- Pasi ya wati 1,000: ampea 4.2. Fyuzi ya 5 inatosha.
- Birika la umeme la wati 2,200: ampea 9.2. Fyuzi ya 13, na waya usiopungua 1.25.

Friji inahitaji maelezo. Ikishatulia, inakula chini ya ampea moja. Lakini mota yake inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho kwa muda mfupi, na fyuzi ya 3 huchoka kwa mikiki hiyo mpaka ikakatika bila kosa lolote la friji. Kwa friji fuata fyuzi iliyotoka nayo kiwandani. Na kama stima ya mtaani kwako hupanda na kushuka, usitarajie fyuzi ikuokolee friji. Kazi hiyo ni ya kinga ya friji inayochomekwa kati ya plagi na soketi, ikate volti zikizidi au zikipungua.

Ekstensheni ya kioski

Hesabu ya kifaa kimoja ni rahisi. Hatari iko kwenye ekstensheni moja inayolisha duka zima.

Tuseme una soketi moja ukutani na ekstensheni yenye fyuzi ya 13. Umechomeka birika, ampea 9.2, na pasi, ampea 4.2. Umefika 13.4 kabla hujagusa friji wala feni. Fyuzi haitakatika papo hapo, na hapa watu wengi hudanganyika. Fyuzi ya 13 huweza kubeba ampea 20 kwa muda mrefu kabla ya kukata tamaa. Muda wote huo ekstensheni inapata moto, hasa zile za bei ya chini zenye waya mwembamba kuliko ulivyoandikwa, na zaidi ukiwa umeuacha waya umekunjwa kama kamba ya mashua. Waya uliokunjwa haupoi. Unyooshe wote.

Shika plagi ya ekstensheni baada ya saa moja ya kazi. Uvuguvugu si ajabu. Ikiwa joto linakufanya uondoe mkono, punguza mzigo siku hiyo hiyo. Vifaa vya kupasha joto, yaani birika, pasi na jiko la stima, kila kimoja kipate soketi yake ya ukutani. Mashine ya kuchomelea vyuma isiguse kabisa saketi ya nyumba. Iwekewe njia yake kutoka kwenye ubao mkuu.

Kuna zoea jingine la kuacha. Chaja na redio nyingi zina plagi ya miguu miwili, na watu husukuma kijiti au kalamu katika tundu la arthi ili soketi ifunguke. Plagi hiyo ya miguu miwili haina fyuzi ndani. Ukiichomeka hivyo, waya wake mwembamba kama uzi wa nyavu unabaki kulindwa na breka ya ukutani tu, ambayo huenda ni ya ampea 32. Nunua adapta yenye fyuzi. Tundu la arthi ni njia ya uhai, si tundu la vijiti.

Kwenye ubao: breka, waya na joto letu

Nyumba mpya hutumia breka badala ya fyuzi, lakini kanuni ni ile ile. Mpangilio wa kawaida ni huu: taa kwa waya wa 1.5 na breka ya ampea 6. Soketi kwa waya wa 2.5 unaokwenda na kuishia, breka ya 20; soketi kwa waya wa 2.5 unaozunguka na kurudi kwenye ubao, breka ya 32. Jiko la stima kwa waya wa 6, breka ya 32.

Lakini vipimo vya vitabuni huchukua joto la hewa la nyuzi 30. Chini ya mabati ya Garsen saa nane mchana, nani atapata nyuzi 30? Joto likifika nyuzi 50, uwezo wa waya wa kawaida wa plastiki hushuka hadi karibu asilimia 70. Waya wa 2.5 uliopitishwa ndani ya bomba, wenye uwezo wa ampea 24 kitabuni, unabaki na ampea 17 hivi. Breka ya 20 sasa imeuzidi waya. Ngazi imevurugika bila mtu kugusa kitu. Basi mwambie fundi wako hivi: nyaya zinazopita juu ya dari chini ya mabati ama ziwe nene zaidi, ama breka iwe ya 16. Fundi mzuri atafurahi kwamba umeuliza.

Katika majengo ya zamani bado utakuta fyuzi za kuwekewa waya. Waya wa fyuzi huuzwa umepimwa: wa ampea 5, wa 15 na wa 30. Tumia huo. Uzi uliochomolewa kwenye kebo, msumari, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara havina kipimo. Anayeviweka ameondoa fyuzi na kuacha umbo lake tu.

Fyuzi na lakiri zilizo upande wa mita ni za Kenya Power. Usizifungue hata kama unajua kazi. Piga 97771. Na kazi yoyote ya kutandaza nyaya za nyumba au kubadilisha ubao, kwa mujibu wa Sheria ya Kawi ya 2019, ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mwombe akuonyeshe leseni. Si dharau, ni kama kumwomba dereva wa matatu aonyeshe yake.

Sola: volti 12 haikurushi, lakini inachoma

Kaunti ya Tana River ni mojawapo ya kaunti 14 zilizolengwa na mradi wa serikali wa sola kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi, KOSAP. Kwa maboma mengi ya Waorma na vijiji vingi vya Wapokomo, stima ya kwanza kuingia nyumbani ilishuka kutoka juani, si kutoka kwenye nguzo. Na kwa kuwa betri ya volti 12 ukiishika hairushi mtu, watu huona fyuzi ni urembo.

Hesabu inasema vingine. Wati 60 kwa volti 240 ni robo ampea. Wati 60 zile zile kwa volti 12 ni ampea 5, mara 20 zaidi. Na betri ya gari au ya sola ya ampea-saa 100 ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea, hata kupita 1,000, kwa dakika ambayo hutaisahau. Waya unakuwa mwekundu kama kaa la jiko.

Fanya hivi:

Fyuzi ya kwanza ikae kwenye waya wa chanya, shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Waya wote ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi, kwa hiyo uwe mfupi.

Kama kontrola yako ya sola ni ya ampea 10, zidisha kwa 1.25, unapata 12.5. Panda hadi fyuzi ya 15, na waya wa milimita mraba 4.

Kama una inverta ya wati 300 kwenye betri ya volti 12: 300 gawa kwa 12 ni 25. Inverta hupoteza sehemu ya nguvu, kwa hiyo hesabu 29 au 30. Zidisha kwa 1.25, unakaribia 37. Weka fyuzi ya 40, na waya usiopungua 10. Usitumie waya wa taa kwa inverta, hata ukiwa ni wa shubiri moja.

Fyuzi za bapa kama za gari zinafaa kwa volti 12 na 24, na rangi zake ni rahisi kukariri: ya 10 nyekundu, ya 15 bluu, ya 20 manjano, ya 30 kijani. Lakini zina kikomo cha volti 32. Mkulima wa ukingoni mwa mto mwenye pampu ya sola, ambaye paneli zake zimeungwa mfululizo mpaka zikafika volti 100 na zaidi, asizitumie hizo. Stima ya gridi husimama kidogo mara 100 kila sekunde, na cheche hupata nafasi ya kufa. Stima ya sola haisimami. Fyuzi isiyo ya sola ikikatika, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani yake. Tafuta iliyoandikwa DC na volti zinazozidi za paneli zako, na usichomoe waya wa paneli wakati pampu inafanya kazi.

Pampu ya gridi nayo ina tabia ya friji, ila kubwa zaidi: mota inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Kuipa fyuzi kubwa ili iwake ni kuiacha bila ulinzi ikikwama na matope. Iwekewe swichi yake ya kuanzia yenye kinga ya kuzidiwa, iliyopimwa kwa ampea zilizoandikwa kwenye mota.

Fyuzi ikikatika

Fyuzi iliyokatika imekuletea habari. Isikilize kabla ya kuibadilisha.

Zima, chomoa, kisha ukumbuke ilikatika lini. Kama ni papo hapo ulipowasha, kuna shoti: tazama waya pale unapoingia kwenye kifaa na pale unapoingia kwenye plagi. Kama ni baada ya dakika nyingi, kuna mzigo uliozidi: piga hesabu upya. Kisha weka fyuzi ya namba ile ile. Ikikatika tena, acha. Fyuzi mbili zilizokatika mfululizo ni mashahidi wawili, na ushahidi wao unatosha kumwita fundi.

Unaponunua, tafuta maandishi BS 1362 kwenye fyuzi ya plagi na alama ya KEBS kwenye pakiti. Fyuzi halisi ina mchanga ndani wa kuzima cheche. Ya bandia mara nyingi ni tupu; ilinganishe uzito na ile unayoiamini.

Mto ukifurika

Hapa kwetu hakuna mwongozo wa stima uliokamilika bila mto. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, na yale ya kuanzia mwishoni mwa 2023 yaliingia majumbani, na kila mara maji yalipopungua watu walirudi wakaanza na kuwasha taa.

Usianze na taa. Maji yakikaribia, zima swichi kuu ukiwa umesimama pakavu na mikono mikavu. Kama maji yamekwisha kufika, usiuguse ubao. Ukirudi, usiwashe mpaka fundi apime nyaya kwa mita ya insulesheni. Fyuzi, breka na soketi zilizozama zitupwe, hata zikikauka na kung'aa, kwa sababu tope limebaki ndani. Na unapotengeneza upya, tazama alama ya maji iliyobaki ukutani, kisha ubao na soketi zipande juu yake.

Jioni hii

Chagua plagi moja, ile unayoitumia zaidi. Ichomoe, ifungue kwa bisibisi. Tazama mambo matatu: fyuzi ni ya namba gani, waya umeandikwa unene gani, na je, waya wa kijani na manjano umefungwa kwenye mguu mrefu wa arthi, au unaning'inia. Piga ile hesabu ya kugawa. Kama ngazi imekaa sawa, mzigo chini, fyuzi kati, waya juu, ifunge na uende kwenye plagi ya pili.

Kama haijakaa sawa, kesho nenda dukani ukiwa na ule waya mkononi. Usiseme, "Niwekee kubwa." Sema, "Fundi, niwekee ya waya huu."